Kumshawishi Kaa Awe Kaa

Kuangua mayai ya kaa koko si kazi ngumu; kaa mwenyewe huimaliza. Jike mmoja mkubwa hubeba chini ya tumbo lake mayai milioni moja, mbili, wengine hata zaidi ya hapo, na yakishaiva huanguliwa kwa mkupuo, mara nyingi asubuhi, maji ya tangi yakajaa chembe hai zinazokimbilia mwanga. Taabu huanza baada ya hapo. Katika kila lava mia walioogelea asubuhi ile, kituo chenye mafundi hodari huona fahari kikifikisha kumi kwenye umbo la kaa, na vituo vingi havifiki hapo. Nataka kuwasifu wanaowafikisha hao wachache, pamoja na watafiti waliokaa miaka wakiuliza, bakuli moja baada ya jingine, ni kitu gani humfanya lava wa kaa aache kuelea na kuwa mnyama wa chini. Hawa na wale kazi yao ni moja: kumsoma kiumbe wa milimita chache, kisha kumwekea mbele yake dalili anazozitafuta.

Kaa koko, Scylla serrata kwa jina la kitaalamu, ni yule kaa mkubwa mwenye magando mazito anayechimba matope ya mikoko kuanzia Afrika Kusini hadi Bahari ya Shamu, na kwa upande wa mashariki hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Aliyemwandika kwanza alikuwa Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763 akiwa safarini. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake wa msafara aliyebahatika kurudi hai. Wavuvi wa Rufiji, Pemba na Lamu wamemjua kwa ndoano ya mti na mtego kabla ya vitabu hivyo vyote. Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo mvuvi wa mikokoni haioni. Jike akishapandwa huondoka kwenye matope na kwenda baharini kutaga. Watoto wake huzaliwa mbali na mikoko, kwenye maji ya chumvi kamili, na inawabidi watafute njia ya kurudi mahali ambapo hawajawahi kufika.

Kwa muda mrefu hata wenye elimu hawakujua kwamba watoto hao ni kaa. Mfaransa Louis Bosc alimpa mmoja jina la Zoea mwaka 1802, akidhani ni jamii ya pekee ya wanyama. Mwingereza William Leach naye akamwita mwingine, mwenye macho makubwa, Megalopa, akiwa na dhana hiyohiyo. Aliyeivunja ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa Cork, Ireland. Alichota zoea bandarini, akawaweka hai katika maji ya bahari na kuwatazama wakibadilika. Kisha akaangua mayai ya kaa na kuona zoea wakitoka humo. Alianza kuchapisha habari hiyo mwaka 1828, na wakubwa wa elimu ya wanyama hawakumkubali upesi. Ninachompendea ni kwamba hakuwa na kifaa cha ajabu. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kumweka hai kiumbe asiyeonekana vizuri kwa macho, siku za kutosha hadi afichue siri yake. Hatua za lava wa jamii ya kaa koko zilielezwa kwa njia hiyohiyo na Ong Kah Sin, aliyewalea katika maabara huko Malaysia na kutoa ripoti mwaka 1964. Wakati huo aina zote nne za jamii hiyo zilikuwa zikichanganywa chini ya jina moja; Clive Keenan na wenzake ndio waliozitenganisha mwaka 1998. Aina ya pwani yetu ilibaki na jina la Forsskål.

Sasa twende kwenye matangi.

Fundi humchagua jike kwa jicho na kwa kidole. Hubonyeza kipande cha kwanza cha tumbo, pale kinapoungana na gamba la mgongo, na rangi nzito ya chungwa ikionekana kwenye mwanya huo anajua ovari zimejaa. Humwekea tangi lenye mchanga chini, maana jike akitagia sakafu tupu mayai mengi humwagika badala ya kushika kwenye vijiguu vya tumbo lake. Dume hahitajiki tena. Jike hutunza mbegu alizopokea alipojivua gamba, na huweza kutaga zaidi ya mara moja kwa mbegu hizo. Mayai huanza yakiwa rangi ya chungwa, yakageuka kahawia, na yanapokaribia weusi ni kwa sababu macho ya lava yameshajitokeza ndani yake. Kwa joto la nyuzi 28 hadi 30 safari hiyo huchukua kama siku kumi hivi. Kila siku fundi huchomoa mayai machache na kuyaweka chini ya hadubini kutafuta kuvu. Akiona nyuzi nyeupe zimeshika mayai mengi, huacha. Nimependa sana nidhamu hiyo ya kuacha. Jike aliyegharimiwa wiki nzima anaondolewa, kwa sababu kumlazimisha aangue ni kununua vifo vya wiki ijayo.

Mayai yakianguliwa, fundi hufunga hewa kwa muda mfupi, maji yakatulia. Lava wenye nguvu hupanda juu kufuata mwanga, wanyonge huzama. Wanaopanda ndio wanaochotwa, wakahesabiwa kwa sampuli na kugawiwa matangi, makumi kwa kila lita. Wanaozama huachwa. Hii ndiyo dalili ya kwanza ya mazingira ambayo fundi anaitumia kwa faida yake: zoea huzaliwa na mvuto wa mwanga, na huko baharini mvuto huo huwaweka tabaka la juu la maji, kwenye chakula na kwenye mkondo unaowachukua. Katika tangi unakuwa mtihani wa afya.

Hatua za zoea ni tano, kila moja siku tatu au nne. Siku za mwanzo hulishwa rotifa, wanyama wa maji wadogo kuliko punje ya chumvi ya mezani. Baadaye artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, waliototolewa muda si mrefu. Zoea hawamfukuzi mnyama wanayetaka kumla, humgonga kwa bahati. Hivyo fundi hupanga wingi wa chakula ili bahati iwe karibu, bila kukizidisha kiasi cha kuoza na kulisha bakteria. Hata rangi ya tangi ina maana. Rabbani na Zeng wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walilinganisha rangi za matangi na kuchapisha mwaka 2005 kwamba lava wa kaa koko huishi vizuri zaidi katika tangi jeusi. Mtu anayepita tu ataona pipa jeusi na kudhani ni la bei nafuu.

Kisha unakuja usiku ambao kila fundi wa kaa anauogopa. Zoea wa tano anatakiwa kujivua gamba na kutoka akiwa megalopa: mnyama mwingine kabisa, mwenye magando, mkia unaojikunja, macho makubwa yaliyotokeza. Wengi hufia hapohapo, nusu wametoka, nusu wamenasa katika gamba la zamani. Katsuyuki Hamasaki na watafiti wenzake wa Japani walichunguza vifo hivyo na kukuta kwamba lishe inahusika sana, hasa mafuta ya jamii ya omega-3. Yakipungua, lava hudhoofu. Yakizidi, magando ya megalopa hukua mapema na kuwa makubwa kupita gamba linalopaswa kuyatoa. Kwa hiyo kosa la siku ya nne linaweza kuonekana siku ya kumi na saba. Anayefanya kazi hii hana budi kukumbuka nyuma wiki mbili kila anapotazama mbele ya macho yake, na ndiyo maana daftari la kituo kizuri huandikwa kwa mkono mmoja tangu kuangua hadi kuvuna.

Megalopa aliyesalimika ana kazi ambayo zoea hakuwa nayo. Anaogelea kwa nguvu, anaweza kushika chini, na mwilini mwake kuna saa inayokimbia. Atajivua gamba mara moja tu na kuwa kaa mdogo, na akishajivua hakuna kurudi kuogelea baharini. Akijivua kwenye mchanga mtupu, ataliwa. Akingoja mno, nguvu zinaisha. Kati ya pande hizo mbili kuna siku chache za kuchagua, na uchaguzi huo huongozwa na anavyoonja, anavyohisi na, kama tutakavyoona, anavyosikia.

Mwanzo ni safari yenyewe. Aliyeichambua kwa subira kuliko wengi ni Richard Forward wa maabara ya bahari ya Chuo Kikuu cha Duke, Beaufort, North Carolina, pamoja na wanafunzi na wenzake kama Richard Tankersley na James Welch. Kaa wao ni kaa wa buluu wa pwani ya mashariki ya Marekani, Callinectes sapidus, ambaye naye huzalia baharini na kulelewa milangoni mwa mito. Megalopa wake ni mdogo mno kushindana na mkondo, lakini anajua kuupanda. Maji yanapoanza kujaa, chumvi huongezeka, na ongezeko hilo humwambia apande kutoka chini. Msukosuko wa maji humfanya aendelee kuogelea. Maji yakikaribia kusimama, msukosuko hupungua naye huzama, kwa hiyo maji yanapokupwa humkuta ameshika chini na hayamrudishi baharini. Hufanya hivyo usiku. Mchana, akiisha kuonja maji ya mtoni, mwanga humzuia asipande. Usiku mmoja hadi mwingine, hatua kwa hatua, anaingia ndani. Kila mvuvi wa pwani hii anayengoja maji yajae ili dau lake liingie mkondoni bila kuchoka ataielewa akili hiyo bila kuhitaji mchoro.

Niliposoma jinsi walivyoyajua hayo, ndipo heshima yangu ilipoongezeka. Walimweka megalopa katika bomba la maji, wakaongeza chumvi kwa kasi inayolingana na kasi ya maji kujaa, si zaidi, si pungufu, wakahesabu wangapi wamepanda. Wakarudia kwa kasi nyingine. Wakaongeza msukosuko, wakaupunguza polepole. Dalili moja moja, kila mara kukiwa na kundi lisiloguswa pembeni kwa kulinganisha. Huko Virginia, kwenye mto York, Jacques van Montfrans na wenzake walifanya kazi ya aina nyingine: walitundika mitego iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki lililozungushiwa nyuzi za kichujio cha kiyoyozi, wakaitoa kila asubuhi, wakaisuuza na kuhesabu megalopa walionasa humo. Waliendelea tangu mwaka 1985 hadi 1988. Waliona kuwa kuingia kwa megalopa hakufuati mstari. Kuna usiku michache inayobeba sehemu kubwa ya msimu, na mwezi una mkono wake ndani. Ukikosa asubuhi moja unaweza kuwa umekosa mwaka. Kwenye upande wetu wa bahari, José Paula na wenzake walifuatilia megalopa wanaoingia mkondo wa mikoko wa Saco, kisiwa cha Inhaca, Msumbiji, wakapambanua kinachoamuliwa na bahari ya nje na kinachoamuliwa na mkondo wenyewe.

Akishafika, megalopa anauliza kama hapa pafaa. Namna ya kumsikiliza anavyouliza ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Unachukua megalopa wa umri mmoja, kila mmoja kwenye kibakuli chake, kwa sababu wawili pamoja ni mlo na mlaji. Nusu unawapa maji ya bahari safi yaliyochujwa. Wengine unawapa maji yaliyokaa na kaa wazima, au matope ya makazi, au majani bahari. Kila siku, saa ileile, unabadilisha maji kwa pipeti yenye mdomo mpana ili usimkwangue, unampa artemia wapya, unatafuta gamba lililovuliwa chini ya bakuli. Ukilikuta, unaandika. Hakuna mashine inayofanya hivyo vizuri kuliko jicho la mtu aliyezoea. Tofauti inayotafutwa huenda ikawa siku mbili au tatu tu, na siku mbili hizo zitapotea kabisa ikiwa jana ulichelewa kuhesabu au uliwalisha kundi moja zaidi ya jingine.

Majibu yaliyopatikana kwa njia hiyo ni ya kuvutia. Megalopa wa kaa wa buluu huharakisha kujivua akikutana na maji ya mlango wa mto na asidi za humiki, zile zinazotoka kwenye majani na mimea inayooza na kuyapa maji ya mabwawa rangi ya chai. Welch na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba huifuata harufu ya majani bahari na kuikwepa harufu ya wanyama wanaomla. Amonia nyingi na maji yaliyopungukiwa hewa humchelewesha. Megalopa wa kaa wa Brazili anayeitwa Ucides cordatus, kaa wa mikoko anayechimbwa kwa mkono katika jimbo la Pará, huvutwa kujivua na harufu ya wakubwa wa aina yake, kama walivyoonyesha Karen Diele na Darlan Simith mwaka 2007. Kaa wenye gando moja kubwa wa pwani ya Atlantiki huwahi kujivua wakipewa matope ya mahali wakubwa wao wanapoishi.

Yupo pia kaa wa mawe wa Asia, Hemigrapsus sanguineus, aliyegunduliwa New Jersey mwaka 1988 akiwa mgeni na leo ameenea pwani ndefu ya Marekani. Charles Epifanio na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Delaware walimuuliza mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Harufu ya wakubwa ilimharakisha. Mawe ya ufukweni yenye utando wa vijidudu yalimharakisha pia, hata bila mkubwa yeyote kuwapo, na umbile la uso wa jiwe lilikuwa na uzito wake. Hapo pana jambo la kutafakari kwa wanaoogopa wageni wa baharini: mnyama huyu hahitaji kukuta ndugu zake wametangulia. Jiwe lililolowa na kuota utelezi linamtosha kama mwaliko, na mawe ya namna hiyo yako kila bandari.

Kwa upande wa sauti, nilisoma kwa mashaka mwanzoni. Jenni Stanley, Craig Radford na Andrew Jeffs wa Chuo Kikuu cha Auckland walirekodi sauti ya mwamba chini ya maji: uduvi wanaofyatua magando, samaki, wanyama wanaokwangua mwani. Wakaichezesha kwa megalopa wa aina kadhaa, wa maji ya baridi na wa maji ya joto, huku wenzao wakiwekwa kimya. Waliosikia walitulia chini na kujivua mapema kuliko wale wa kimya. Ripoti ilitoka mwaka 2010. Miaka miwili baadaye Matthew Pine akishirikiana na Jeffs na Radford akachezesha mlio wa mitambo ya umeme wa maji yanayojaa na kupwa na ya umeme wa upepo kwa megalopa wa kaa wa matope. Wakachelewa kujivua kuliko wale waliosikia sauti ya asili ya makazi yao. Wapangaji wa bandari na wachimbaji wa gesi hawajazoea kuhesabu kelele kuwa uchafuzi wa maji. Wangefaa kuanza.

Kuchelewa nako kuna bei. Paul Gebauer, Kurt Paschke na Klaus Anger waliwanyima dalili megalopa wa kaa wa mabwawa ya chumvi ya Amerika Kusini, wakawaacha wangoje. Walijivua mwishowe. Lakini kaa wadogo waliotoka humo walikuwa dhaifu, wakikua polepole na kufa zaidi kuliko wale waliojivua kwa wakati. Ripoti ya mwaka 1999. Ndiyo kusema, megalopa aliyekosa ishara hafi palepale ili tumhesabu. Anabeba hasara hadi utotoni, na mfugaji hulaumu chakula au maji wakati kosa lilifanyika wiki mbili kabla ya kumnunua.

Baada ya haya yote mtu angetarajia kwamba fundi wa kaa koko hana budi kumimina matope ya mikoko na majani bahari ndani ya tangi, megalopa wajivue kwa furaha. Hapa ndipo kaa koko anapowaaibisha wenye haraka. James Webley na Rod Connolly wa Chuo Kikuu cha Griffith, Queensland, pamoja na wenzao, waliwapa megalopa wa Scylla serrata nafasi ya kuchagua kati ya majani bahari, matope na mchanga. Megalopa hawakuchagua. Kaa wadogo waliokwisha kujivua ndio waliochagua, tena kwa nguvu: walikimbilia majani bahari. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yanaashiria kwamba kaa koko huweza kukamilisha mabadiliko kabla ya kuingia mlangoni mwa mto, na kwamba uchaguzi wa nyumba ni kazi ya kaa mdogo kuliko ya megalopa. Aliyemchukulia kaa koko kuwa ni kaa wa buluu mwenye gamba nene amekosea mlango. Napenda kazi ya Webley kwa sababu inapinga matumaini ya wengi kwa jaribio la kawaida kabisa, bila kelele.

Fundi mzuri huliweka jambo hilo kwenye hesabu zake. Hampi megalopa nyumba anayoipenda. Humpa mahali pa kumkwepa ndugu yake. Magando yakishatoka, tangi ni uwanja wa vita: megalopa hula zoea waliochelewa, na wakishajivua wa kwanza, wenye gamba gumu hula wenye gamba laini. Kwa hiyo vituo, hasa vile vinavyofuata mwongozo uliotolewa mwaka 2003 na Emilia Quinitio na Fe Dolores Parado-Estepa wa kituo cha SEAFDEC kule Iloilo, Ufilipino, huwapunguza idadi kwa eneo, hutundika nyavu zilizokunjwa na vificho majini, hushusha chumvi taratibu kutoka 30 na ushei kwa elfu, na huwahamishia mapema kwenye vizimba vya nyavu ndani ya mabwawa, ambako wataukuta udongo na kivuli wakiwa kaa. Ustadi mkubwa uko katika kuwafanya wajivue karibu wakati mmoja. Tangi ambalo wote wamegeuka ndani ya usiku mmoja au miwili litavunwa. Tangi ambalo wamegeuka kwa wiki nzima litavunwa na kaa wenyewe. Fundi anayelisha sawasawa, anayeshika joto lisipande wala kushuka, anayeweka zoea wa siku moja pamoja na wa siku moja, anafanya yote hayo kwa ajili ya usiku ule.

Hapa kwetu ufugaji wa kaa umekwenda kwa njia nyingine. Vikundi vingi vya Kenya na Tanzania hununua vifaranga vilivyookotwa mikokoni, vikanenepeshwa kwenye vizimba na mabwawa. David Mirera wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ameandika kwa miaka juu ya ufugaji huo. Yeye na Per-Olav Moksnes walionyesha mwaka 2013 kwamba kaa wadogo hulana kwa kutegemea ukubwa wao na vificho walivyonavyo. Ni kanuni ileile ya tangi, imehamia bwawani. Tofauti ni kwamba kaa wa mikokoni ameshapita mtihani wote bila msaada wa mtu: mwanga, chumvi, msukosuko wa maji, usiku wa kujivua. Kila anayeokotwa kabla hajazaa ni mmoja kati ya wachache sana waliofika. Ukataji wa mkoko na mchu unaongeza hasara hiyo, maana kaa mdogo anahitaji mizizi na kivuli vya kujifichia, na majani bahari yaliyo nje ya mikoko yakifunikwa na mchanga wa ujenzi, mlango wake wa kwanza umefungwa.

Kwa hiyo vituo vya kutotolesha kaa koko vitahitajika pwani hii, na fedha zitatafutwa. Tangi linanunulika, pampu inanunulika, hata mayai ya artemia huja kwa ndege yakiwa makavu ndani ya kopo. Kinachokosekana kirahisi ni mtu wa kukesha: anayejua kubonyeza tumbo la jike, anayeacha mayai yenye kuvu, anayeandika daftari kila siku, na anayeweza kusema tarehe ambayo zoea wa tano watageuka kabla hawajageuka. Ukiitwa kuona mradi wa kaa, iwe wewe ni mfadhili, afisa wa uvuvi au mwanakikundi, usihesabu matangi. Uliza nani analala hapo usiku ule, alifundishwa kwa misimu mingapi na analipwa kiasi gani. Akiwa hayupo, subiri kununua tangi, umfundishe mtu kwanza.